Moshi wa Geita na Ndege wa Barafu



Yako mambo mawili ambayo mtu akiyataja pamoja watu hudhani afanya mzaha. La kwanza ni mji wetu wa Geita, mji wa jua, vumbi jekundu na dhahabu. La pili ni Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, lisilo na shamba wala soko wala kabila la wenyeji. Kati ya hapa na kule hakuna barabara, na yule ndege mashuhuri wa kule, pengwini, hajapata kuogelea katika Ziwa letu la Viktoria. Hata hivyo, kuna kitu kimoja kitokacho majikoni mwetu ambacho chaweza kufika mpaka kwake. Kitu hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu mwezi huu, nasi twawaomba wazazi na vijana watusikilize mpaka mwisho, kwani habari hii yaanzia baharini lakini yaishia mlangoni petu.

Sisi tulizaliwa Shinyanga, tukasoma Kurani na shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka ishirini tumefundisha madrasa katika kijiji kimoja cha machimbo mkoani Geita. Wanafunzi wetu ni watoto wa wachimbaji wadogo, wa mama lishe, wa wasaga mawe na wa wavuvi. Siku moja walikuja alasiri na maswali tele, maana walikuwa wameona katika televisheni ya jirani picha za pengwini. Mmoja alisema ndege wale wamesimama safu kama watu wa Ijumaa. Mwingine akauliza ni nani awahesabuye, na mbona baba ndiye alaliaye yai. Wa tatu akauliza: je, mtu akiwa kule ambako jua halichwi, Magharibi ataswali saa ngapi?

Mwalimu haoni haya kutafuta jibu kwa aliye mdogo wake. Mwana wa ndugu yetu asomaye kemia chuo kikuu alipokuja likizo, tulimtaka atutafutie habari hizo. Akaja na vitabu na taarifa za wataalamu, na kwa siku nyingi baada ya Isha tulikaa naye barazani, yeye akisoma Kiingereza na kutueleza kwa Kiswahili, nasi tukiandika katika daftari. Haya tuyasimuliayo yatoka katika daftari hilo.

Mwaka 1959, tarehe 1 Desemba, nchi 12 zilitia saini huko Washington Mkataba wa Antaktika, wakakubaliana kwamba bara lile litumiwe kwa amani na elimu tu, lisiwe uwanja wa vita. Miongoni mwa nchi hizo, ya Afrika ilikuwa moja tu, Afrika Kusini. Hata leo nchi hiyo ina kituo chake juu ya barafu, kiitwacho SANAE IV, na meli yake ya utafiti iitwayo S.A. Agulhas II, iliyoundwa Finland na kukabidhiwa mwaka 2012. Urefu wake ni mita 134. Huchukua mabaharia zaidi ya 40 na abiria kama 100, wengi wao wataalamu wa bahari, hewa, barafu na viumbe. Yaweza kuvunja barafu yenye unene wa mita moja huku ikienda mwendo wa mtu akimbiaye polepole.

Meli hiyo hung'oa nanga Cape Town, na mbele yake huwa na zaidi ya kilomita 4,000 mpaka ukingo wa barafu. Katika bahari ile ya kusini hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo, hivyo upepo na mawimbi huizunguka dunia bila kizuizi. Sisi watu wa Ziwa twazijua dhoruba zetu, na wako wasomaji waliowahi kutapika kati ya Mwanza na Bukoba. Basi na wafikirie hali ile ikiendelea siku tano au sita mfululizo. Kila kitu hufungwa kwa kamba: viti, masanduku, hata chupa za maabara. Mezani hutandikwa kitambaa kibichi ili sahani zisiteleze. Mgeni hulala huku amejikaza kwa mito pande mbili, na mwenye elimu kubwa huonekana ameshika ndoo kama mtoto mgonjwa.

Lakini kazi hailali. Watu hugawana zamu mchana na usiku. Wako washushao baharini fremu ya chuma yenye chupa nyingi, ikining'inia kwenye waya, mpaka kina cha maelfu ya mita. Kila chupa hujifunga kwa kina chake, nayo hupanda na maji ya mahali pale. Katikati ya meli mna kisima kilichopenya mpaka chini, ili vyombo vishushwe hata barafu inapokuwa imeizingira meli pande zote. Wako warushao maputo ya kupima hali ya hewa. Wako wasimamao juu wakiwa na darubini, wakihesabu ndege wa baharini na nyangumi. Na wako wafanyao kazi ambayo ilitushangaza kuliko zote: huvuta hewa kwa mipira kutoka upande wa mbele wa meli, mbali na dohani, ili moshi wa meli yenyewe usichanganyike na hewa waipimayo. Tulimwuliza kijana wetu, hewa ya jangwa la barafu yapimwa ili itafutwe nini? Akasema: “Yatafutwa yale ambayo wanadamu wa mbali wameyatoa, baba.” Tuliandika neno hilo na kuliwekea alama.

Baada ya siku kadhaa mabaharia huona mlima wa kwanza wa barafu ukielea, kisha mapande bapa ya barafu yaliyojaa mpaka upeo wa macho, na bahari hutulia ghafula. Meli hupanda juu ya barafu kwa kifua chake na kuivunja kwa uzito wake, na walalao chini husikia mkwaruzo usiku kucha. Ni katika bahari hizo ndipo wataalamu waliosafiri na meli hiyo hiyo, mwezi Machi 2022, walipoiona Endurance, merikebu ya Shackleton iliyobanwa na barafu na kuzama mwaka 1915. Ilikuwa imekaa wima juu ya tope, kina cha mita 3,008, na jina lake likisomeka nyuma.

Amma lile swali la mtoto juu ya Magharibi, twasema lilikuwa swali jema. Penye kituo cha SANAE, wakati wa kiangazi cha kule, jua halichwi kwa muda wa miezi miwili hivi; na wakati wa kipupwe halichomozi kwa muda kama huo. Wanazuoni wametegemea hadithi iliyo katika Sahih Muslim juu ya siku ndefu isiyo ya kawaida, ambamo Masahaba waliuliza habari ya sala wakaelekezwa kukadiria. Basi wako wasemao mtu akadirie kwa saa za nchi ya karibu yenye usiku na mchana, na wako wasemao akadirie kwa saa za Makka. Watoto walifurahi kujua kwamba hakuna pembe ya dunia ambayo mja husamehewa kuswali kwa sababu hana machweo.

Sasa tufike kwa ndege wenyewe. Pengwini wako aina 18, na karibu wote ni wa upande wa kusini wa dunia. Si wote wa barafu: wako waishio Afrika Kusini na Namibia, katika pwani zenye maji baridi, na hao wamepungua mno hata mwezi Oktoba 2024 wakawekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Meli ya Afrika Kusini hupeleka watu pia katika kisiwa cha Marion, kama kilomita 2,000 kusini-mashariki mwa Cape Town, ambako makundi ya pengwini mfalme hujaa ufukweni kwa maelfu. Kusini zaidi, juu ya barafu ya bahari, kama vile katika Ghuba ya Atka, wako wale wakubwa kuliko wote, waitwao kaisari. Urefu wa kaisari waweza kufika sentimita 120, sawa na mtoto wa darasa la pili, na mnene wao huweza kupita kilo 40, karibu na uzito wa mfuko wa saruji.

Atembeleaye makao yao hufika kwa adabu. Viatu husafishwa kwa dawa kabla ya kushuka na baada ya kurudi, na siku hizi kwa bidii zaidi, kwani homa ya ndege aina ya H5N1 imethibitika kufika katika bara lile mwaka 2024. Mgeni hukaa umbali wa mita tano au zaidi, wala hapigi kelele. Ndege apitapo njia yake, mtu ndiye asimamaye kumpisha. Haruhusiwi kuokota yai, unyoya wala kijiwe, ila mtaalamu mwenye kibali. Kabla ya kuona, mgeni hunusa, maana harufu ya kinyesi chao hutangulia, na kinyesi hicho huipaka barafu rangi ya kahawia hata kikaonekana kwa satelaiti zilizo angani. Ndivyo wahesabuvyo makundi ambayo hakuna mtu aliyeyafikia kwa miguu. Kisha masikio hujaa sauti. Kila mmoja hulia, na katika maelfu hao mzazi humtambua mwenziwe na mtoto wake kwa sauti tu.

Kuhusu baba alaliaye yai, mambo ni haya. Kaisari jike hutaga yai moja mwanzo wa kipupwe, humkabidhi mumewe, kisha huenda baharini kutafuta chakula. Dume huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa kunjo la ngozi ya tumbo, akasimama hivyo kama siku 65 katika giza na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Ukichanganya na siku za kutafutana, hukaa karibu miezi minne bila kutia kitu mdomoni. Na hawasimami mmoja mmoja. Husongamana kwa mamia, na wale wa pembeni wapigwao na upepo huingia ndani polepole, nao wa ndani hutoka nje, hata kila mmoja akapata sehemu yake ya joto na sehemu yake ya baridi. Tulipowaeleza watoto habari hiyo, madrasa ilinyamaza kimya.

Watu wamehatarisha maisha ili kumjua ndege huyu. Mwaka 1911, Waingereza watatu, Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, walikwenda katikati ya kipupwe kutafuta mayai ya kaisari huko Cape Crozier. Safari yao ilichukua wiki tano katika giza, na baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Meno yalitetemeka mpaka yakavunjika. Walipata mayai matano, mawili yakapasuka njiani, wakarudi na matatu. Walidhani yai lile litawafunulia asili ya ndege wote, halikuwafunulia hayo. Wataalamu wa leo wana haja ndogo na yai. Haja yao moja kubwa ni unyoya.

Hapa twawaomba wasomaji wasogee karibu, kwani ndipo penye kiini. Pengwini habadili manyoya moja moja kama kuku. Kila mwaka huyabadili yote kwa mara moja, nchi kavu, kwa muda wa wiki mbili mpaka tano, na siku hizo hawezi kuingia majini, basi hufunga kula. Manyoya yaotapo upya, mwili huyatia ndani yake sehemu ya vitu vilivyoingia kwa chakula katika miezi iliyopita. Hivyo unyoya mmoja uliopukutika ni kama ukurasa wa daftari la mwaka. Mtaalamu huuokota bila kumwumiza ndege, huupeleka maabara, na humo husoma, pamoja na mengine, kiasi cha zebaki.

Zebaki! Kijana wetu alipolitaja neno hilo barazani, jirani zetu wawili waliokuwa wakisikiliza walikunja nyuso, kwani hakuna mtu wa Nyarugusu, Mgusu au Rwamagasa asiyeijua. Ndiyo madini yale ya majimaji meupe yang'aayo, ambayo vijana huyaita mekyuri. Mchimbaji husaga mawe, huosha mchanga, kisha humimina zebaki katika karai na kuichanganya kwa mikono. Zebaki huikumbatia dhahabu ikawa bonge moja la kijivu. Halafu bonge huwekwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke ikaondoka, na dhahabu ikabaki. Kazi hiyo hufanywa machimboni, na mara nyingi hufanywa nyumbani, juu ya jiko lile lile la mkaa lipikalo uji wa watoto.

Mvuke huo waenda wapi? Sehemu huanguka karibu, juu ya mabati, udongo, vyombo na mabonde yamwagayo maji Ziwani. Sehemu hubaki angani miezi mingi, pengine hata mwaka, ikichukuliwa na upepo kuizunguka dunia, maana zebaki haiozi wala haiungui ikaisha. Huko ncha za dunia, jua linaporudi baada ya usiku mrefu, chumvi za bahari hufanya kazi hewani, zebaki hubadilika na kuanguka juu ya theluji. Jambo hilo limepimwa kaskazini na kusini. Kutoka theluji huingia majini, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, vijidudu huliwa na kamba wadogo, kamba huliwa na samaki, samaki huliwa na pengwini. Kila mlaji hukusanya ya wale aliowala.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2015 wanadamu walitoa hewani takriban tani 2,220 za zebaki. Katika hizo, kama asilimia 38 zilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa ulimwengu mzima, na kama asilimia 21 katika makaa ya mawe yachomwayo. Basi tusimwonee mchimbaji wa Geita kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyeichafua dunia; wako wenye viwanda vikubwa na mwanga wa umeme usiku kucha ambao wana deni lao. Tena haki itajwe: katika pengwini wengi zebaki iliyoonekana si nyingi ya kuwaua, na zebaki haina chapa ya mji ilikotoka, hata mtu aseme hii ya Geita na hii ya Peru. Linaloogopesha ni kule kuwapo kwake. Vivyo hivyo, mwaka 1966 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta DDT, dawa ya kuulia wadudu, katika mwili wa pengwini wa Antaktika, ambako hakuna mbu wa kupuliziwa. Kiumbe asiyeijua dhahabu wala malaria amebeba alama za wanaoishi navyo.

Usiku ule tulipokwisha kusikia hayo, tuliyasimulia madrasa asubuhi yake. Binti mmoja wa miaka kumi akanyoosha mkono, akasema: “Maalim, moshi huo kwetu upo kila Jumamosi. Mama huufukuza kwa kanga usimfikie mtoto.”

Tulikwenda kwao jioni, pamoja na mke wetu, kwa kuwa mambo ya jikoni hayaingiliwi na mwanamume peke yake. Walitupokea kwa heshima. Mama mwenye nyumba alikuwa amempakata mtoto wa miezi saba. Tulipoeleza lililotuleta, alitujibu kwa upole: “Maalim, moshi hupanda juu, huishia mbinguni. Sisi twabaki na dhahabu.” Mumewe akaongeza: “Na mnunuzi hataki bonge lenye zebaki. Nisipochoma sili.” Hatukuwalaumu, kwa kuwa walisema kweli ya maisha yao. Gramu moja na nusu ya dhahabu ndiyo iliyokuwa ada ya shule, unga na kodi ya mashine ya kusaga.

Tuliwaambia kwamba moshi waonekanao ni sehemu tu. Mvuke wa zebaki wenyewe hauna rangi wala harufu, na kanga haiuzuii. Huingia mapafuni na kwenda katika ubongo na figo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mradi wa Umoja wa Mataifa, madaktari waliwapima watu wa Rwamagasa, papa hapa Geita, mkojo, damu na nywele, wakakuta miongoni mwa wachomaji wenye mikono itetemekayo na miguu iyumbayo. Nywele zetu hutunza zebaki kama unyoya wa pengwini. Na huko Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956, uliotokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki, ulidhuru hata watoto waliokuwa bado matumboni mwa mama zao. Kwa ajili ya mji huo mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki umeitwa Mkataba wa Minamata, nayo Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mama yule hakusema neno. Alimhamisha mtoto kutoka paja hili akampeleka lile, akalitazama jiko.

Lakini maneno matupu hayamtoshi mwenye njaa. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, wakiitacho ritoti. Bonge hufungiwa ndani, mvuke hupita katika bomba lililopozwa, ukageuka tena zebaki na kudondoka katika bakuli la maji. Sehemu kubwa ya zebaki hurudi, ikatumika tena, na fedha ya kununua nyingine ikapona. Baba yule alikijua chombo hicho, ila alikuwa na shaka moja ambayo tuliisikia baadaye kwa wengi: “Kimefungwa, Maalim. Nitajuaje kwamba dhahabu yangu haikupungua humo ndani?”

Shaka ya mtu juu ya mali yake haiondoki kwa waadhi, yaondoka kwa mizani. Wachimbaji sita wa duara moja walichangishana fedha, fundi wa kuchomelea akawaundia ritoti. Siku ya kuijaribu waligawa bonge moja mafungu mawili yaliyolingana. Fungu moja walichoma wazi kama desturi, mbali na nyumba, nao wakisimama upande utokako upepo. La pili wakalifungia. Walingoja chombo kipoe kabisa kabla ya kukifungua, maana kufungua kingali moto ni kujimiminia mvuke usoni. Dhahabu zikawekwa katika mizani, zikalingana. Na chini ya bakuli, ndani ya maji, zebaki ilikuwa imelala ikimetameta. Baba yule aliinama akaitazama kitambo, kisha akasema: “Kumbe hii yote tulikuwa tukiivuta.”

Tangu hapo nyumba ile haichomi jikoni. Nyumba nyingine zimefuata, na nyingine hazijafuata. Wako wasemao chombo kina uvivu, wako wasiotaka kungojea zamu, na wako wenye haraka ya kumwuzia mnunuzi kabla ya giza. Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba kijiji kizima kimetengenea. Kikaango cha kuchomea bado twakiona kimeanikwa pamoja na sufuria.

Huko Antaktika mataifa yalichagua njia iliyo kali zaidi. Kwa itifaki iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, na kuanza kutumika mwaka 1998, shughuli zote za madini zimekatazwa katika bara lile, ila uchunguzi wa kielimu. Yaliyomo chini ya barafu, yawe mangapi, yameachwa. Sisi hatuwezi kusema machimbo ya Geita yafungwe, kwa kuwa watu wanakula humo, na wakati wa ukame wa Shinyanga wengi wetu tumepona kwa ndugu aliyetuma fedha kutoka duarani. Wala hatusemi watu waache samaki, maana ni chakula chema, na uchunguzi mwingi wa samaki wa Ziwa letu umekuta zebaki iliyo chini ya mpaka uliowekwa. Ila sheria yetu haimruhusu mtu kujinufaisha kwa kumdhuru mwenziwe, awe mtoto aliye mapajani, awe jirani wa nyumba ya pili, awe kiumbe asiye na ulimi wa kushitaki.

Kwa hiyo twawausia wazazi mambo machache yawezekanayo. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala karibu nayo, na chombo kilichoigusa kisirudi jikoni kamwe. Mama mwenye mimba na mtoto wasisogee machomeo, wala nguo za machimbo zisilale chumba kimoja na mtoto. Zebaki isichanganywe kwa mikono mitupu, wala isimwagwe katika kijito au kisima. Vikundi vya duara vichange vinunue ritoti moja, na wenye shaka wafanye kama wale sita: wagawe bonge, wapime. Nanyi vijana msomao kemia na biolojia, msidhani elimu hiyo ni ya watu wa mbali. Ile meli itokayo Cape Town yahitaji wapimaji, na vijito vya Geita navyo vyawahitaji.

Wanafunzi wetu sasa wameibandika ukutani picha ya pengwini kaisari, amelifunika yai kwa tumbo lake. Chini yake yule binti ameandika kwa mkono wake jina la kijiji chetu. Tulimwuliza kwa nini, akasema ili ajue anakopelekewa moshi. Picha tumeiacha pale pale.

Wabillahi tawfiki.